Magadi Ndani ya Shabu ya Mama Travis

Awiti hamwamini mtu, na halioni hilo kuwa kasoro. Kwa hesabu zake, ndilo lililomweka sokoni Kamwokya, mjini Kampala, miaka kumi na saba, wakati wenzake aliokuja nao kutoka Siaya walisharudi kwao na masufuria yao. Ukimletea gunia, atalifungua hata kama limeshonwa kiwandani. Ukimpa habari njema, atakuuliza nani kakutuma. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba siku Awiti atakapofika mbinguni atataka kwanza kuona kibali cha malaika wa mlangoni.

Sokoni wanamwita Mama Travis, kwa jina la mwanawe anayefanya kazi Jinja. Anauza mawe matupu: magadi yenye rangi ya maziwa yaliyolala, chumvi ya Katwe ya kulambisha ng'ombe, na shabu. Shabu ndiyo iliyomjengea jina. Ni jiwe jeupe linalopitisha mwanga kama kipande cha chupa kilichooshwa, na ukiligusa kwa ncha ya ulimi, mdomo mzima unajikunja kana kwamba umetafuna ndizi mbichi. Vinyozi huichukua kwa ajili ya kidevu kilichokatwa na wembe, maana ukiilowesha na kuipaka, damu inakauka papo hapo. Wanawake hujipaka kwapani, na jasho halinuki. Wenye kutengeneza achari hutia punje mbili, matango yao yakabaki magumu, yanalia meno yakipita. Mvua ikinyesha na maji ya chemchemi yakageuka rangi ya chai, wanakuja wa mabondeni: unatia kidogo kwenye ndoo, unakoroga, unaiacha itulie, na tope lote linashuka chini lenyewe.

"Lakini uchemshe," huwaambia, kila mara, kwa sauti ya kugombeza. "Shabu inakamata tope, haikamati kipindupindu. Na usiile kama chumvi, tumbo si ndoo."

Tena ana sharti lake: shabu anauza ikiwa jiwe, hapondi. Anasema jiwe unaliona mpaka ndani, ila kwenye unga mtu anaweza kukutilia hata chokaa ya ukutani. Sharti hilo alilivunja mara moja tu, kwa Hajati Rashidah, kwa sababu mkono wa Hajati ulikuwa umefungwa bandeji baada ya kuteleza bafuni, na mtu aliyefungwa bandeji hawezi kushika mchi.

Sasa Jumatatu hii, saa mbili asubuhi, Hajati Rashidah yuko mbele ya meza yake, bandeji mkononi, kanga mpya kichwani, na hajamsalimu mtu.

Hajati ni Mnubi wa Kasubi. Babu zake waliletwa huku kama askari, na yeye anatembea kama ambaye bado anawakagua. Alifungua mfuko, akatoa kitu cha duara kilichofumwa kwa ukindu, akakiweka juu ya magadi bila kuomba ruhusa. Kilikuwa tabaga, kile kifuniko cha chakula ambacho Wanubi hawafanyi harusi bila hicho. Mabibi zao walizifuma kwa miezi mingi, na zinarithiwa kama shamba.

"Hizi ni za mama yangu," Hajati alisema. "Ziko tisa. Harusi ya mjukuu wangu ni Jumamosi. Rangi ya njano ilikuwa imefifia, mimi nikataka kuirudisha kwa manjano kama mama alivyonifundisha. Kwanza unaloweka kwenye maji ya shabu, ndio rangi ishike. Halafu unapaka manjano. Tazama sasa, Mama Travis. Tazama vizuri."

Awiti alitazama. Mahali palipotakiwa kuwa njano palikuwa na mabaka mekundu, wekundu wa tofali lililoungua vibaya. Kama damu ya juzi.

"Labda manjano yenyewe, Hajati. Siku hizi wanatia..."

"Manjano ni yangu, niliisaga mwenyewe kabla sijateleza. Ile shabu yako nilipoimwagia maji moto ilitoa povu, shwaaa, kama soda imefunguliwa. Halafu maji yakawa meupe kama uji. Miaka arobaini natumia shabu, bado sijaona shabu inayotoa povu."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua nyanya jirani waliacha kuchagua.

"Mimi si mtu wa kelele," Hajati alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza samaki. "Nakupa hadi kesho jioni, uniambie ulinipa nini. Ukinyamaza, mimi nitaongea. Kibuli nitaongea, Bombo nitaongea, hapa pia nitaongea."

Aliondoka na tabaga yake. Awiti alibaki ameshika ukingo wa meza. Alijua maana ya maneno hayo. Mtu anayeuza mawe meupe ana jina tu, hana kingine. Wakishasema mara moja kwamba shabu ya Mama Travis ni feki, hatapata kinyozi, hatapata wa achari, na atakayekuja kununua magadi atakuja ili amcheke. Miaka kumi na saba ingeisha kabla ya Jumapili.

Na neno "povu" lilikuwa limemkaa kama mfupa kooni. Shabu haitoi povu na maji. Shabu hutoa povu ikikutana na magadi, kwa sababu yenyewe ina ukali kama wa ndimu, na magadi hayavumilii kitu chenye ukali. Vikikutana kwenye maji vinachemka bila moto. Na manjano ikiguswa na magadi inageuka nyekundu. Hilo kila mama aliyewahi kudondosha mchuzi kwenye nguo na kuifua kwa sabuni kali anajua: doa la njano linageuka jekundu mikononi mwake. Basi ndani ya ule unga mlikuwa na magadi, na si ya kuonja. Aliyeyatia ni nani?

Wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Nasif.

Nasif ana duka la jumla karibu na Nakivubo, naye ndiye anayemletea Awiti shabu tangu mwaka wake wa pili sokoni. Awiti alifunika meza kwa turubai, akapanda boda, akafika kabla mtu huyo hajamaliza chai.

"Umeanza kunichanganyia lini?" alimwuliza.

"Na wewe salama, Mama Travis?"

"Usinisalimu. Shabu yako ina magadi."

Nasif aliweka kikombe chini. Hakukasirika, na hilo lilimtia Awiti wasiwasi zaidi, maana mtu mwenye haki hukasirika. Alikwenda nyuma, akavuta gunia, akatoa jiwe la ukubwa wa ngumi, akalinyanyua kwenye mwanga wa mlango.

"Unaona hadi upande wa pili?"

"Naona."

"Sasa niambie, mama. Hili limekua lenyewe, limeganda jiwe moja. Magadi nayaingiza kwa mlango gani? Nayapiga sindano?" Alicheka peke yake. "Mimi nakuuzia mawe. Ukitaka kumwibia mtu kwa magadi, lazima kwanza uponde. Je, nani ameponda?"

Awiti alilamba lile jiwe, ulimi ukajikunja. Alikamulia ndimu juu yake, ndimu ikateleza kimya, bila hata kiputo kimoja. Alimwacha Nasif akitikisa kichwa.

Boda ilipokuwa ikipanda kurudi, alikuwa ameshahamia kwa mtu mwingine. Nani ameponda? Yeye ndiye aliyeponda, hilo ni kweli. Lakini kinu hakai nacho kama mtoto mgongoni. Na upande wa kulia wa meza yake, tangu mwezi wa pili, yupo mwanaume wa Lira anayeitwa Ogwang, anayeuza simsim na karanga, ambaye juzi juzi ameanza kuweka na mafungu ya magadi. Kwa nini magadi? Kwa nini karibu yake? Mwanaume mzima mwenye simsim nzuri vile anataka nini kwenye magadi?

Alimkuta akipepeta.

"Ogwang, wiki iliyopita ulishika kinu changu?"

"Nilikishika."

Awiti hakutarajia jibu rahisi namna ile.

"Kumbe! Yaani mtu anasema hivi hivi, mchana! Ulitia nini ndani?"

"Nilitia kifuniko," Ogwang alisema. "Ilikuwa ile Jumanne ya mvua kubwa. Wewe ulikimbilia kamba za turubai, kinu kikabaki mdomo wazi. Nikakifunika. Sasa nimekosa?"

"Ulikifunika baada ya kutia magadi!"

"Mama Travis, wewe hata kivuli chako unakiomba kitambulisho."

Watu walicheka. Hapo Awiti akapandisha sauti ambayo kwa kawaida huiweka kwa ajili ya wezi wa mifuko. Alisema kwamba mtu huyu amemharibia mzigo kusudi amchukulie wateja, kwamba ameweka magadi mezani ili apate kisingizio, kwamba soko zima liangalie vinu vyao. Ogwang alijibu mara mbili, kisha akaendelea kupepeta, lakini simsim ilikuwa inamwagika mikononi mwake. Jioni ile hakuna aliyenunua kwake. Awiti alihesabu hilo kama ushahidi.

Kesho yake asubuhi alikuja Celestine.

Celestine ni mtu wa kwao, wa Siaya, mwenye kibanda cha chakula nyuma ya soko. Anapika maharagwe na mnavu kwa mafundi wa gereji, na hapiki bila magadi. Magadi yanalainisha maharagwe yakaiva kabla makaa hayajaisha, na yanaufanya mnavu ubaki kijani hata ukikaa kwenye sufuria hadi saa nane. Wanubi na Waganda wanamwambia chakula chake kina ladha ya sabuni, naye anawaambia wasile.

"Mama Travis, wewe umeniweka roho juu," alisema, akivuta kigoda. "Magadi yangu yako wapi? Leo ni wiki. Maharagwe yangu yanapiga kelele kwenye sufuria kama kokoto."

"Magadi gani?"

"Si yale niliyokuachia Jumanne! Uliniambia unayaponda sasa hivi, nije baada ya mvua. Nilikuacha umeshika mchi. Nikaja kesho yake ukaniambia unamalizia ya Hajati kwanza."

Awiti aligeuka, akakitazama kinu.

Aliiona Jumanne ile yote. Celestine amekaa pale alipokaa sasa, mawe ya magadi ndani ya kinu, mchi unashuka, mawe yamekuwa unga, kisha upepo, turubai linapaa kama linataka kwenda Entebbe, yeye anaruka juu ya kamba. Mvua iliwafukuza wote makwao. Jumatano alifunua kinu, akakuta unga mweupe, akajiambia: aa, kumbe shabu ya Hajati niliianza. Akaongeza mawe ya shabu juu yake, akaponda, akafunga kwenye karatasi ya nailoni. Yeye anayelamba mawe ya watu wote. Ule unga wa kinu chake mwenyewe hakuulamba, kwa sababu ulikuwa kwenye kinu chake.

"Mbona umepauka?" Celestine aliuliza. "Umeyauza magadi yangu, sio?"

"Nimeyauza," Awiti alisema. "Chukua haya mengine. Ondoka, tafadhali."

Alikaa na jambo lile kama mtu aliyekalia kaa la moto. Upande wa kulia Ogwang alikuwa akipanga mafungu yake bila kumtazama. Hapakuwa na aliyejua. Celestine hakujua harusi yoyote. Nasif alijua nusu. Awiti alijikuta akifikiria kwa utulivu wa kutisha, kama anayepanga mawe mezani: angemwambia Hajati kwamba jirani alishika kinu. Si uongo. Alikishika kweli, amekiri mwenyewe mbele ya watu.

Alibeba mfuko wa shabu na ndimu ishirini, akaenda Kasubi.

Uani kwa Hajati, tabaga tisa zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikimkabili, nyekundu mabaka mabaka, kama nyuso zenye ukurutu. Hajati alikuwa amekaa mkekani, simu pajani. Alimwonyesha mahali pa kukaa, na kabla Awiti hajatua vizuri akasema:

"Nimeshasikia. Ni yule mwanaume jirani yako."

"Nani amekuambia?"

"Soko zima limesikia ukipiga kelele jana, mimi nani nisisikie? Nimempigia mwenyekiti wa soko. Ni mtu ninayemjua. Anasema kesho asubuhi anamtoa pale, meza yake anampa mwingine. Mtu anayewatilia watu magadi hafai kukaa na vyakula." Alimtazama Awiti kwa jicho moja, lingine amelifumba kwa ajili ya jua. "Basi wewe umesafika. Kwa nini una uso wa msibani?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na umefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Alichotakiwa ni kupita tu. Awiti aliangalia ndimu zake. Aliwaza mikono ya Ogwang na simsim ikimwagika. Aliwaza pia, maana hakuacha kuwa yeye, kwamba labda huu ni mtego: labda Hajati anajua kila kitu na anampima. Hilo hakulijua wakati ule na halijui hadi leo.

"Si Ogwang," alisema. "Ni mimi."

"Wewe vipi?"

Alimweleza. Kinu kimoja, mvua, magadi ya Celestine, unga alioudhania. Alieleza haraka haraka bila kupamba, kama mtu anayetoa mwiba.

"Wewe," Hajati alisema polepole, "unayelamba hata mlango wa duka kabla ya kuingia. Hukulamba?"

"Sikulamba."

"Na jana ukamvua nguo mwanaume wa watu mbele ya soko."

"Nilimvua."

Hajati alibonyeza simu kwa kidole cha mkono mzima, akamsukumia. "Mwenyekiti huyo. Mwambie mwenyewe. Mimi sisafishi mdomo wa mtu mwingine."

Awiti alimwambia mwenyekiti. Ilibidi aseme mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mwenyekiti alidhani anatania.

Kisha akakunja mikono ya gauni. Aliomba beseni, maji moto, na nafasi. Alitia mawe ya shabu mbele ya macho ya Hajati, akayakoroga hadi yakayeyuka yote, na maji yakabaki angavu kama hayajatiwa kitu. Hapakuwa na povu. Alikamulia ndimu kumi.

"Yakipoa tutazamisha moja," alisema. "Manjano haijafa, Hajati. Magadi yameigeuza tu. Ikipata kitu kikali itarudi."

"Na isiporudi?"

"Usiniulize hivyo."

Hajati alichagua ile ndogo kuliko zote, yenye kingo zilizoliwa na panya. Awiti aliisuuza kwanza kwa maji matupu, mara tatu, ule weupe kama uji ukatoka kwenye mifumo ya ukindu. Halafu akaizamisha. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili haikufanya kitu. Kisha kingo zikaanza kung'aa, wekundu ukarudi nyuma kama unaoitwa na mtu, na njano ikapanda, ikapanda, hadi kwenye kitovu cha tabaga. Hajati aliinama mpaka pua ikakaribia maji.

"Wallahi," alisema. Halafu akajikaza. "Zimebaki nane."

Walifanya zote nane. Mbili hazikurudi sawasawa. Zilibaki na kivuli cha kahawia upande mmoja. Hajati alisema hizo zitafunika wali wa wanaume, hawaangalii.

"Jina langu je?" Awiti aliuliza akiwa mlangoni. Hakuweza kuondoka bila kuuliza.

"Jumamosi utakuja. Utakaa karibu na hizi tabaga toka chakula kinaletwa mpaka kinaliwa. Mvuke ukiigeuza hata moja, wewe ndiye utakayewaeleza wageni, si mimi."

Kwanza, hata hivyo, kulikuwa na Jumatano. Awiti alifika sokoni mapema kuliko Ogwang, akasimama mbele ya meza yake, akamsubiri. Wauza nyanya walisubiri pia.

"Magadi yalikuwa yangu," alisema, kwa sauti ile ile ya Jumatatu ili aliyesikia ile asikie na hii. "Niliyaponda mimi, nikasahau mimi. Wewe ulifunika kinu."

Ogwang alitua gunia lake taratibu. "Siku nyingine," alisema, "nitakiacha kinyeshewe." Hakucheka. Alichukua magadi yake yote, akayahamishia mwisho wa meza, mbali na ya Awiti, na hadi leo yako hukohuko.

Jumamosi Awiti alikaa kwenye kiti cha plastiki uani Kasubi, gauni la kanisani mwilini, macho kwenye tabaga tisa, kama askari wa benki. Mvuke wa pilau ulipanda. Alitoa jasho. Shangazi mmoja wa bwana harusi aliuliza kwa sauti huyu Mjaluo amekaa hapo analinda nini.

"Huyo ndiye aliyeziharibu," Hajati alisema, akiwapitishia wageni maji ya kunawa. "Magadi ndani ya shabu. Akaja mwenyewe akasema, akazirudisha. Kuleni pilau."

Wanawake walimgeukia wote kwa pamoja. Awiti alitamani ardhi impokee, lakini hakuhama, kwa sababu chakula kilikuwa hakijaliwa chote. Njano ilibaki njano.

Jumatatu iliyofuata walikuja watatu kutoka kwenye ile harusi, wamevaa kanga zinazofanana.

"Wewe ndiye uliyeharibu tabaga za Hajati?" aliuliza aliyetangulia.

Awiti aliweka kitambaa chini. Jibu la zamani lilikuwa limeshafika kwenye meno, yaani, nani amewatuma.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

"Tunataka shabu."

Aliwapa jiwe. Mwanamke yule aliligeuza juani, upande huu, upande ule, kisha akamtazama Awiti usoni kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama jiwe, na Awiti akamwacha atazame mpaka atosheke.